Redio ya Ghorofa ya Tatu

Ramat Gan
Jumapili, 27 Januari 1991

Dada Violet mpendwa,

Tu wazima. Naanza na hilo kwa sababu najua unaisoma barua hii umesimama mlangoni, koti bado mwilini. Makombora yameanguka tena upande wetu wa mji. Madirisha ya sinagogi yamepasuka upande wa wanawake, na duka la viungo la Sehayek limebaki kuta tupu, mtaa mzima unanuka bizari. Hakuna aliyeumia. Mke wangu Hanina ameziba chumba cha watoto kwa nailoni na utepe mpana, na king'ora kikilia tunajifungia humo na barakoa zetu za gesi, tunatazamana kama nzi wakubwa. Hanina anasema barakoa imenifaa sana, kwa sababu nikiivaa siwezi kuhubiri.

Kinachouma, dada, ni kwamba makombora yanatoka kwetu. Nimeandika "kwetu" nikataka kulifuta, kisha nikaliacha. Nusu ya mji huu ni watu wa Baghdad. Tunapika kubba ya Baghdad, tunagombana kwa Kiarabu cha Baghdad, na siku ya Sabato tunamwomba Mungu kwa mahadhi ya Baghdad. Sasa Baghdad inatupiga. Vijana walinijia wakiongozwa na Yigal Somekh, mwenyekiti wa kamati yetu. "Rabi," akasema, "wanatubomolea nyumba na sisi tunaimba nyimbo zao. Mpaka lini?"

Unamkumbuka Naim Haskel, mpiga kanuni wa zamani, ile ala ya nyuzi? Ndiye anayetuongozea sala. Ijumaa jioni anaikaribisha Sabato kwa mahadhi ya wimbo mmoja wa mapenzi uliovuma kule mlipokuwa wasichana. Mimi mwenyewe nayapenda mahadhi hayo, hulijui hilo labda. Lakini Sabato iliyopita nilisimama mbele ya watu nikatangaza kwamba mpaka vita viishe, mahadhi ya kule yapumzike. Watu walikuja kunishika mkono. Mzee Naim aliikunja shali yake ya sala akatoka kwa mlango wa pembeni. Sikuwa nimemwambia kabla. Nilidhani ataelewa.

Jambo la pili ni zito zaidi. Majirani zake wanasema king'ora kikilia, kutoka kwake ghorofa ya tatu inasikika redio ya Baghdad. Fikiria. Sisi tumejifungia tukisubiri kufa, na yeye anawasikiliza wanaotupiga. Nimeliandika hilo kwenye safu yangu katika jarida la mtaa, ile ambayo wewe huiita saladi: kidogo Torati, kidogo muziki, kidogo habari za dunia. Jina sikulitaja. Nimekuwekea nakala humu. Naona ni maandishi yangu bora ya majira haya ya baridi. Nilimpa Hanina asome, akanirudishia bila neno akaenda kumenya viazi vyekundu vya kubba. Labda ni uchovu.

Ndugu yako,
Shaul


London
5 Februari 1991

Mdogo wangu Shaul,

Nimeisoma nimeketi, kwa hiyo ulibahatisha vibaya. Nashukuru mko hai. Sasa nyamaza kidogo, nizungumze mimi.

Sentensi zako ni nzuri, na ndizo zinazonitia hofu. Umeandika: "Yuko mmoja anayetuongoza kwa sauti yake siku ya Sabato, na siku nyingine masikio yake yako kwa anayetupiga." Halafu unaniambia hukumtaja jina. Shaul, mna waimbaji wangapi hapo? Ungeandika namba ya nyumba kabisa, postamasta asipate taabu.

Ulikuwa mtoto tulipoondoka Baghdad, najua. Unakumbuka ndege na ule unga mweupe waliotunyunyizia uwanjani tulipofika. Mimi nakumbuka mengine. Mke wa Naim unamjua? Siulizi kama umemwona akipanda kwenda kukaa na wanawake sinagogini. Nauliza kama unamjua. Kabla hajaolewa aliitwa Rahma Basri, na aliimba redioni, Naim na kanuni yake nyuma yake. Alipoanza kuimba, mama alizima jiko. Baba akirudi akakuta wali mbichi, mama alikuwa anamwambia, "Mlaumu Rahma." Tulipoondoka kila mtu aliruhusiwa sanduku moja. Sauti yake ilibaki kule, kwenye kabati za kituo cha redio. Naisikia hata leo usiku nikizungusha kitufe cha redio, ingawa jina lake hawalitaji tena.

Sijui kwa nini mzee anafungua redio ile. Wewe pia hujui. Basi muulize. Kama jarida halijatoka, lizuie. Kama limetoka, nenda leo hii, panda ngazi, gonga, sema umekuja kunywa chai, kisha uufunge mdomo usikilize kinachopigwa kwenye hiyo redio.

Na usidhani nakusema nikiwa nimekaa mahali safi. Juzi kwenye lifti mwanamke wa ghorofa ya chini yangu aliniuliza, "Wewe si unatoka Iraki?" Alinitazama kana kwamba nilirusha kombora mimi mwenyewe kutoka jikoni kwangu. Nikamjibu hapana, natoka Israeli, nchi ambayo sijaishi hata mwaka mzima. Nilipofika ndani nilikaa kitandani na viatu vyangu. Miaka sitini ya umri, nimemkana mama yangu ndani ya lifti.

Posta inasema ndege za kwenu ni chache. Naomba barua hii iwahi.

Violet


Ramat Gan
Alhamisi, 14 Februari 1991

Dada Violet,

Barua kutoka kwako haijafika, basi nakuandikia mistari michache usije ukawa na wasiwasi. Sisi wazima.

Mtoto wa Somekh ndiye anayeongoza sala sasa. Anaimba kama mtu anayesoma namba za simu. Watu wanaisifu safu yangu, na mmoja ameibandika kwenye duka lake la nyama. Mzee Naim haonekani. Nasikia mkewe alianguka kwenye ngazi ya jengo lao siku king'ora kilipolia. Wazee huanguka. Hanina amekwenda hospitali na supu.

Karatasi inaniishia, nitaandika zaidi.

Shaul


Ramat Gan
Jumatano, 20 Februari 1991

Dada Violet,

Barua yako ya tarehe tano imefika jana. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni.

Karatasi haikuwa imeniisha. Nilikuwa na bunda zima mbele yangu. Hanina alikuwa amerudi kutoka hospitali asubuhi ileile, na niliyoyasikia kwake sikuweza kuyaandika. Sasa nitayaandika.

Aliingia akaweka sufuria mezani, imejaa kama alivyoondoka nayo. Nikamuuliza, "Hawakula?"

"Rahma hanijui," akasema. "Amenishika mkono akaniuliza kama gari la kituoni limefika."

"Kituo gani?"

"Cha redio, Shaul. Baghdad. Anadhani leo ana zamu ya kuimba. Akili imemtoka mwaka wa pili huu. Mzee anamficha ndani, anamwogesha, anamlisha, na sisi anatuambia ni magoti."

Nikauliza redio inahusiana na nini. Hanina hakuniangalia. Alisema king'ora kikilia Rahma hushikwa na hofu, hung'oa barakoa, hukwaruza nailoni, hutaka kutoka nje. Kitu kimoja tu kinamtuliza, ni ile redio. Akimsikia mtangazaji wa Baghdad anajua yuko kwao, anakaa, anasubiri zamu yake. Kisha jarida langu likatoka. Mtu alipanda darini akaukata waya wa antena ya mzee. Mwingine akaandika kwenye sanduku lake la barua neno ambalo sitaliandika hapa. Mzee Naim akaizima redio. King'ora kilichofuata, Rahma alichana nailoni, akafungua mlango, akashuka kwa miguu mitupu kuliwahi gari la kituoni. Mfupa wa nyonga umevunjika. Alilia pale chini ya ngazi na hakuna mlango uliofunguka, kwa sababu wote walikuwa wamejifungia kama walivyoagizwa. Mzee alimbeba peke yake.

"Na mimi je," nikamuuliza Hanina, "kwa nini hukuniambia kitu uliposoma safu yangu?"

"Ulikuwa unangoja nikusifu," akasema. "Sikuwa na sifa ya kukupa. Nami nina haya yangu kwa kunyamaza, usinibebeshe na yako."

Dada, mimi nimewafundisha watoto kila mwaka kwamba anayemwaibisha mwenzake hadharani amemwaga damu. Nawaonyesha: tazameni, uso wa aliyeaibishwa unakuwa mweupe, damu imekwenda wapi? Watoto wanapenda somo hilo. Nami nilimwona mzee akiikunja shali yake, nikauona uso wake, nikaendelea kupokea pongezi.

Kinachonichoma zaidi ya vyote ni kidogo, sijui nikiseme vipi. Miaka miwili yule mama hakuonekana, na mimi rabi wake sikupanda ngazi kuuliza magoti yanaendeleaje. Jengo lao liko nyuma ya soko. Napita hapo kila Ijumaa kununua mkate.

Shaul


Ramat Gan
Alhamisi, 21 Februari 1991

Kwa Mheshimiwa Naim Haskel,

Nimegonga mlangoni kwako mara kadhaa na hospitalini nimeambiwa hupokei wageni. Naheshimu hilo. Naandika kukueleza kwamba kama maneno yangu sinagogini na kwenye jarida yalikuumiza wewe au Bi Rahma, naomba radhi kutoka moyoni. Nyakati hizi ni ngumu kwetu sote na watu walikuwa na hofu. Sikujua hali ya nyumbani kwako. Laiti ningejua, nisingeandika.

Niko tayari kuwaeleza watu wote ukweli wa mambo, kwamba redio ilikuwa ya mgonjwa, ili heshima yako irudi. Kamati pia ingependa kuja kukusalimu.

Kwa heshima,
Rabi Shaul Gurji


Ramat Gan
Jumapili, 24 Februari 1991

Rabi Gurji,

Barua yako nimeisoma kwa sauti, kama ninavyosoma noti za muziki nisizozijua. Kuna "kama" moja pale katikati. Kama maneno yalikuumiza. Mpiga ala akiweka noti ya aina hiyo, mimi humwambia arudie kuanzia mwanzo.

Unasema ungejua usingeandika. Basi mtu ambaye mkewe ni mzima, anayesikiliza Baghdad kwa sababu tu alizaliwa Baghdad na masikio yake yamezeeka huko, huyo ungemwandika? Nataka kujua.

Kuhusu nyimbo. Siku uliponinyamazisha nilikasirika, lakini hasira hiyo ningeimaliza nyumbani na glasi ya araki. Nimenyamazishwa na watu wakubwa kuliko wewe. Kule walifuta majina yetu kwenye sahani za santuri kwa sababu sisi Wayahudi. Hapa nilipofika waliniambia kanuni ni ala ya Waarabu, nikauza matunda. Sinagogini kwako ndipo nilipoimba bila kuulizwa mimi ni nani. Nilikuwa nimejiambia, hapa basi.

Kaseti ninazo. Nilijaribu kumpigia kaseti. Anasema hizo zimekufa. Anataka mtangazaji aseme kwanza "Hapa ni Baghdad", ndipo aamini. Naomba unielewe, kila nilipoifungua redio nilikuwa naipunguza sauti mpaka naweka sikio, na yeye anaipandisha.

Sasa sikiliza vizuri. Habari za mke wangu usimwambie mtu. Watu wanamkumbuka akiwa Rahma Basri. Kuna wanaume wazima pale kwako wanaona haya kumsalimia kwa sababu walimpenda redioni wakiwa wavulana. Sitaki wamhurumie. Ukitaka kurudisha heshima yangu kwa kumvua yeye nguo, iache ilipo.

Kamati isije.

Kuhusu kusamehe, sina la kukuambia. Na hata ningekuwa nalo, ningelitoa la kwangu tu. Lake siwezi kulitoa, wewe ndiye unayejua sheria. Muombe mwenyewe. Ana nafasi mchana, baada ya mazoezi ya mguu.

Naim Haskel


London
26 Februari 1991

Shaul,

Nimepokea ya tarehe ishirini. Nimelia, nimenawa, nimeketi.

Sitakufariji. Nakuona ukianza kupamba: "kinachonichoma zaidi ya vyote", "somo la damu". Hata aibu yako unaiandika kama safu ya jarida. Ukienda kwa yule mama usiende na sentensi.

Jana nilimgongea mwanamke wa ghorofa ya chini. Nilimwambia, "Nilikudanganya. Ninatoka Baghdad." Alikuwa na taulo kichwani. Akasema, "Sawa, asante," akafunga mlango. Nilidhani nitajisikia vizuri. Sikujisikia vizuri, lakini nilikwenda.

Violet


Ramat Gan
Jumapili, 3 Machi 1991

Dada Violet,

Vita vimekwisha, umesikia. Vimekwisha asubuhi ya Purim, siku yetu ya kuchekea wanaotaka kutuangamiza, na mji umepagawa. Redio ilitangaza watu wabandue nailoni. Hanina alibandua na rangi ya ukuta ikatoka nayo.

Nataka nikueleze nilichofanya, kwa sababu nilikuwa mjinga.

Nilikuwa nimeamua kusema mbele ya watu, palepale niliposimama siku ile. Nikajiambia nisingoje hata siku moja, nitasema mara tu baada ya kusoma hadithi ya Malkia Esta. Watu walikuwa wamejaa mpaka ngazini. Watoto na njuga zao, mmoja amevaa kombora la karatasi, mwanamume mzima kavaa gauni la mkewe. Nikapiga meza kuomba utulivu. Nikasema, "Katika nyumba hii kuna muuaji."

Wakacheka.

Umesahau labda, au sijawahi kukuambia: kila Purim mimi husimama hapo nikawachekesha. Huwa nageuza sheria miguu juu, nathibitisha kwa hoja kwamba mvinyo ni dawa ya kikohozi. Wanangoja mwaka mzima. Nikasema, "Muuaji ni mimi. Nilimwaga damu ya mtu hapa mbele yenu." Wakazidi. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Onyesha kisu, Rabi." Watoto wakazungusha njuga kama wanavyofanya likitajwa jina la adui. Nikajaribu kulitaja jina la Mzee Naim, na kelele zikalimeza. Somekh alikuwa anafuta machozi ya kucheka. Akanikumbatia nilipoketi. "Mwaka huu umejipita," akasema.

Nami, dada, nilitabasamu. Hilo ndilo nakuandikia. Nilikuwa na nafasi ya kupiga meza tena, nikatabasamu kwa sababu walikuwa wananipenda.

Niliporudi nyumbani Hanina aliuliza imekwendaje. Nikamwambia wamecheka. Akasema, "Ulichagua siku nzuri ya kutosikika."



Shaul


Ramat Gan
Jumanne, 19 Machi 1991

Dada Violet,

Umeuliza kwa nini nimekaa kimya. Nilitaka niwe na kitu cha kukuambia kwanza.

Sabato ya pili baada ya Purim nilisimama tena. Safari hii hakuna aliyevaa gauni. Nilisema kwamba nilimwaibisha Naim Haskel mbele yao na katika jarida, kwamba sikumuuliza neno hata moja kabla ya kufanya hivyo, kwamba nilifanya hivyo kwa sababu nilipenda kushikwa mkono, na kwamba kutokana na maneno yangu mtu aliumia. Nikasema mahadhi yake niliyafukuza mimi, na sikuwa na haki. Sikupamba, ungeniona. Niliishiwa maneno mapema mno, nikabaki nimesimama.

Somekh akainuka. "Sawa Rabi, umeomba radhi, vizuri. Ila tuambie, redio ilikuwa ya nini?"

Hapo ndipo nilipojua Mzee Naim alinifunga kwa kamba gani, aliponikataza kwa barua kusema habari za mkewe. Sentensi moja tu ingetosha. Ningesema "mkewe mgonjwa", na nusu ya chumba wangelia, wangekwenda na keki hospitalini, na mimi ningetoka pale nimekuwa mtu mwema. Nilikuwa nayo mdomoni.

"Ilikuwa ya kusikiliza," nikasema.

"Kusikiliza nini?"

"Hilo halikunihusu mimi, na halikuhusu wewe."

"Basi pengine ulivyoandika ni kweli," akasema Somekh, na si kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei.

"Hata kama ningekuwa nimeandika kweli tupu, nilikosa."

Wengine walitoka kabla ya sala kwisha. Kamati imeniomba niipumzishe safu yangu mpaka baada ya Pasaka, na mhariri amesema wasomaji wanapendelea mapishi. Mwenye duka la nyama bado hajaibandua ile karatasi yake. Nilimwomba aitoe. Akasema, "Rabi, ni ukurasa wangu, niliununua." Naiona kila ninapokwenda, maandishi yangu bora ya majira ya baridi, yameloa mafuta.

Jana nilikwenda hospitalini, baada ya mazoezi ya mguu.

Nilikuwa nimesimama nje ya ile wodi siku nyingine mbili na kurudi nyumbani, wacha niseme na hilo. Jana mlango ulikuwa wazi na Mzee Naim aliniona, ikawa siwezi kurudi. Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, anamenya chungwa. Hakuinuka. Bi Rahma amekaa kitandani, nywele zimechanwa, midomo ina rangi. Mzee ndiye anayempaka. Bi Rahma alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu, suti yangu nyeusi, ndevu, akanyoosha shingo kama malkia.

"Mkurugenzi," akasema kwa Kiarabu cha kwetu. "Umekuja mwenyewe."

Nikamtazama mzee anisaidie. Alikuwa anatazama chungwa lake.

"Nimekuja, Bi Rahma," nikasema.

"Ulinitoa hewani."

Dada, nilikuwa nimejiandaa kumweleza mimi ni nani. Nilikuwa nimefanya mazoezi njiani. Nikaona sina haja. "Ndiyo," nikasema. "Nilikutoa hewani. Nilikosea. Naomba unisamehe."

Wodi ile ina vitanda sita, na ilikuwa saa ya wageni. Akaniuliza, "Uliponitoa, ulinitoa mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Na sasa unaninong'oneza?"

Basi nikarudia kwa sauti. Hapakuwa na mimbari, wala Sabato, wala mtu aliyenijua. Mwanamke wa kitanda cha pili alizima televisheni yake ili asikie. Muuguzi alisimama na sinia ya dawa. Nikasema kwa Kiarabu ambacho nimekuwa nikikionea haya tangu nikiwa mwanafunzi, cha mtoto aliyeondoka kabla hajajifunza maneno ya watu wazima, kwamba nilimkosea Rahma Basri, nilimnyamazisha bila kosa, na kwamba naomba msamaha wake. Uso uliniwaka mpaka masikioni. Mtu mmoja karibu na mlango alimuuliza mwenzake, "Huyu rabi ana nini?"

Bi Rahma alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapangusa shuka kwa kiganja, kama anayeondoa makombo.

"Haya," akasema. "Nimekusamehe. Usirudie."

"Sitarudia."

Alifumba macho. Nilibaki pale katikati ya vitanda, sijui nimesamehewa nini na kwa niaba ya nani. Ninazijua hukumu za sheria yetu kuhusu msamaha wa asiye na akili timamu, Violet, najua kwamba haufungi kitu. Lakini kifua changu hakikujua hivyo, na nikamgeukia Mzee Naim nikiwa, Mungu anisamehe, karibu natabasamu.

"Huo ni wa kwake," akasema. "Wa kwangu bado."

"Najua."

"Nakuambia ili usiende nyumbani ukadhani."

"Sijadhani," nikasema, na huo ulikuwa uongo.

Alimaliza kumenya. Aligawanya chungwa, vipande vya mkewe akaviweka kwenye kisahani, akaondoa mbegu moja moja kwa ncha ya kisu. Kisha akanyoosha mkono na kipande kimoja kuelekea kwangu, bila kunitazama, kama unavyompa mtu aliyesimama kwenye njia yako.

Nilikipokea. Nikasoma baraka ya matunda, kama ilivyo lazima kabla ya kula. Naye akaitikia "Amina", kwa sababu Myahudi akisikia baraka ni lazima aitikie. Sijui kama palikuwa na zaidi ya hapo. Nilikula nimesimama.

Ndugu yako,
Shaul